Rangi ya Onyiego Mdogo

Kabla hajamruhusu mpiga picha avuke kizingiti, Esnah alimuuliza ni wapi alikozaliwa mama yake.

Ogeto alikuwa amekuja kumpiga picha mtoto mchanga, hakuja kuposa, lakini alijibu kwa adabu. Alisema mama yake ni wa huko Nyakoe, akataja na jina la babu. Esnah aliinamisha kichwa akiupitia ukoo huo akilini. Zipo familia ambazo wanawake wa Ikonge huzijua kwa jambo moja tu: mtu wa familia hiyo akimtazama mtoto mchanga, hasa mtoto mwenye ngozi nyeupe, vitu vidogo vidogo humganda mtoto mwilini, vikaingia ndani, mtoto akalia mpaka akaisha. Ebibiriria, ndivyo wanavyoita. Mwenye jicho hilo si lazima awe mtu mbaya. Wengi wao huona haya, hugeuza uso wakikutana njiani na mama aliyebeba. Esnah alikuwa shemasi katika kanisa la Sabato, na kanisani hakuna aliyewahi kumsikia akilitaja neno hilo. Nyumbani lilikuwa jambo jingine.

"Ingia," alisema mwishowe. "Lakini pazia usiguse. Na hiyo taa yako ya kumulika usimuwashie mtoto."

Chumba cha Lorna, mkaza mwana wa Esnah, kilikuwa na dirisha moja, na dirisha hilo lilikuwa na pazia zito la njano ambalo halikuwa limefunguliwa tangu mtoto aletwe kutoka zahanati. Mchana jua lilipopiga, kila kitu mle ndani kiligeuka njano: ukuta, neti, kikombe cha uji, hata viganja vya Lorna mwenyewe. Ogeto alisimama katikati ya chumba kile akakitazama kama fundi anayetazama mbao zilizopinda. Alisema hapa kazi ipo. Hata hivyo alikuwa amelipwa na Manasseh, baba wa mtoto, aliyekuwa mlinzi huko Qatar na ambaye alikuwa amechoka kutumiwa picha za simu zilizotoka giza tupu.

Lorna alijisogeza kitandani, akaweka nywele sawa kwa mkono, akamnyoosha mtoto kwenye shali yake nyeupe. Esnah akamtazama, akamwambia kwa upole kwamba nywele hizo si za kwenda Qatar. Akamchukua mtoto yeye mwenyewe, akaketi kwenye kiti na vitenge vyake vya Sabato, akatabasamu. Mtoto alikuwa amepewa jina la marehemu babu yake, Onyiego, kwa hiyo Esnah alimwita mume wangu, na kila aliyesikia alicheka.

"Mume wangu hapendi kelele," alimwambia Ogeto. "Tazama anavyolala."

Picha ikapigwa. Mama wa mtoto alikaa pembeni, nje ya picha, ameshika kofia ndogo ya sufu ambayo hakuna aliyeiomba.

Ogeto alipokuwa akifunga begi lake, Lorna alimuuliza kwa sauti ya chini kama haoni mtoto ana rangi ya njano. Ogeto akacheka. Akasema humu ndani hata yeye ni wa njano, lakini asijali, ataitoa kwenye kompyuta. Esnah akasema ni pazia, na mambo yakaishia hapo.

Jioni ile picha ilifika kwenye kundi la simu la familia. Ilikuwa picha nzuri. Hakuna anayeweza kusema vingine. Onyiego mdogo alitoka mwekundu mwekundu wa mashavu, mwororo, kama mtoto wa kwenye kopo la maziwa. Shangazi wa Kisii mjini waliandika kwamba ni babu mtupu. Fred, ndugu wa Manasseh, akaandika kwamba sasa ukoo umepata mzee. Manasseh alipiga simu na sauti yake ilikuwa na machozi. Alisema ameionyesha kwa wenzake wote chumbani, hata yule Mnepali ambaye huwa haongei.

Lorna alimsubiri amalize kufurahi. Kisha akamwambia kwamba mtoto analala mno. Anamwamsha anyonye, ananyonya kidogo kama mtu anayeonja chumvi, analala tena. Na macho yake, akasema, yale meupe ya macho, si meupe.

"Si mama yuko hapo? Mama amelea sisi wote," Manasseh alisema.

"Mama anasema ni pazia."

"Basi ni pazia. Lorna, nimemwona mtoto mwenyewe. Ako sawa. Wewe umechoka tu, unakaa peke yako unafikiria vitu."

Ni kweli alikuwa peke yake. Nyumba haikukosa watu. Esnah alikuwa pale asubuhi hadi jioni, akipika, akifua, akileta uji wa wimbi na mboga za chinsaga za kuongeza maziwa. Majirani waliokuja kupongeza waliishia sebuleni, wakaandaliwa chai, wakaonyeshwa picha kwenye simu ya Esnah, wakasifu, wakaenda. Linet wa nyumba ya pili aliomba kumshika mtoto akaambiwa amelala. Wote waliona picha. Mtoto hakuna aliyemwona. Na Lorna, ambaye watu wake walikuwa mbali huko Nyansiongo, alikaa nyuma ya mlango akisikiliza jinsi mwanawe anavyosifiwa, na moyo ulimuuma kwa sababu sifa zile zilikuwa za mtoto ambaye yeye hamjui.

Aliifungua picha tena. Akamtazama mtoto kwenye simu, akamtazama mtoto kitandani. Halafu akaitazama shali.

Shali ile aliijua. Alikuwa ameinunua mwenyewe sokoni, akaifua kwa mikono yake, akaianika, akaikunja. Ilikuwa nyeupe isiyo na doa. Kwenye picha ilikuwa ya bluu. Bluu nyepesi, kama shati la shule. Mtu asiyeijua angedhani ndivyo ilivyonunuliwa. Lorna aliisogeza simu mbali, akaisogeza karibu. Akajiuliza kama mtu anaweza kuitoa rangi kwenye uso wa mtoto bila kuigusa shali, na kama haiwezekani, ni nini kingine kilichotolewa.

Asubuhi Esnah alimtuma sokoni kuchukua picha iliyowekwa fremu. Alisema hewa itamsaidia, uso umempauka kama wa mgonjwa, na mtoto atabaki na mke wake. Lorna alikwenda haraka, maziwa yakimlowesha blauzi, akipita kando ya mashamba ya majani chai ambako watu walikuwa wakichuma na kumsalimia kwa kumpungia. Alipofika kwa Ogeto alikuta wanawake wawili wakingoja picha za pasipoti. Mmoja alitazama blauzi yake, akamnong'oneza mwenzake. Lorna akavuta leso kifuani akasimama mlangoni mpaka walipoondoka.

Ogeto alimkabidhi fremu kwa fahari. Lorna hakuishika. Aliuliza kwa nini shali ni ya bluu.

Ogeto aliiangalia, akajikuna shingo. Akasema ni kitu kidogo, watu hawaangalii nguo. Lorna akasema yeye anaangalia. Akamwomba amwonyeshe jinsi alivyofanya. Ogeto hakuwa na kazi nyingine wakati ule, na kusema kweli alikuwa mtu anayependa kueleza kazi yake akipata wa kumsikiliza, jambo ambalo halikuwa likitokea mara nyingi. Akafungua kompyuta, akaileta picha kama ilivyotoka kwenye kamera. Chumba kizima kilikuwa njano kama ugali uliotiwa manjano.

"Macho ya mtu huzoea," alisema. "Ukikaa chini ya hema la kijani kwa matanga, baada ya muda unaona watu wako sawa. Kamera haizoei. Inachukua mwanga vile uko. Kwa hivyo mimi natafuta kitu ambayo najua ni nyeupe, naiambia kompyuta, hii hapa ni nyeupe. Ikishajua hiyo, inatoa ile rangi ya mwanga kwa picha yote."

"Ukaionyesha nini?"

"Shali."

"Basi ifanye tena. Nione."

Akaigusa shali kwa mshale mdogo wa kompyuta. Chumba kikatulia palepale. Ukuta ukawa na rangi yake ya saruji, kitenge cha Esnah kikawa na zambarau yake, mikono ya Esnah ikawa ya kahawia kama ilivyo. Shali ikawa nyeupe, ile ile aliyoifua. Katikati ya shali, uso wa mtoto ulikuwa wa njano.

Lorna alishika ukingo wa meza. "Hapa ulikuwa umemaliza," alisema.

"Nilikuwa nimemaliza," Ogeto alikubali. "Lakini mtoto alikuwa bado. Nikaona pengine hiyo pazia imemkalia zaidi usoni. Nikaendelea kusukuma upande wa bluu mpaka akatokea vizuri." Alikuwa baba wa watoto watatu na si mjinga. Alitazama kioo cha kompyuta, akatazama mikono ya Esnah iliyokuwa na rangi yake sawasawa, karibu kabisa na uso wa mtoto, chini ya pazia lile lile. Rangi ya uso ikambadilika yeye mwenyewe. "Madam," alisema, "mimi nilidhani narekebisha picha."

Lorna hakumjibu kwa hasira. Alimwomba aitume ile ya katikati kwenye simu yake, naye Lorna akaituma kwa Manasseh palepale akiwa amesimama mlangoni. Akaandika: Hii ndiyo rangi ya mtoto. Tazama shali, tazama mikono ya mama, halafu umtazame yeye. Nataka kumpeleka hospitali, mwambie mama.

Jibu lilimkuta njiani. Manasseh aliandika kwamba hii ya pili imeharibika, Ogeto anamharibia mtoto, ile ya kwanza ndiyo nzuri na tayari ameiweka mbele ya simu yake. Aliongeza kwamba anaingia zamu, wataongea jioni, na asimsumbue mama.

Lorna alisoma mara moja tu. Alikuwa amefikiria kwamba akipata ushahidi atapata mtu. Sasa alikuwa na ushahidi na bado hakuwa na mtu. Akaiweka simu kifuani, akakaza mwendo.

Alimkuta Esnah chumbani akimwimbia mtoto wimbo wa kanisa. Lorna aliweka fremu kitandani kifudifudi. Akamwinamia mtoto, akamchukua na shali yake, akageuka akaelekea mlangoni. Hakukimbia. Esnah alidhani anaenda kukaa naye sebuleni. Alipoona mlango wa nje unafunguliwa, aliinuka.

"Unampeleka wapi?"

"Nje."

"Lorna. Nje kuna watu."

Ilikuwa kweli. Linet alikuwa kwenye njia na debe lake la maji, na nyuma yake walikuwa wanaume wawili wakirudi kutoka kituo cha kupimia majani chai. Lorna alifika katikati ya uwanja, mahali ambapo hakuna kivuli cha mti wala cha paa, akapiga magoti kwenye nyasi. Akaitandika shali, akamlaza mtoto juu yake, akamvua nguo zote. Mawingu yalikuwa mepesi, mwanga ulikuwa mweupe wa kawaida usiopendelea mtu. Esnah alimfikia mbio, kitenge mkononi, akataka kumfunika. Linet alikuwa ameweka debe chini akitazama.

"Mfunike mtoto," Esnah alisema. "Mfunike. Wanamwona."

"Mama, naomba umwone wewe kwanza. Ukishamwona nitamfunika."

Lorna hakuwa amewahi kumwambia mama mkwe wake neno la namna hiyo. Wote wawili walilisikia. Esnah alisimama na kitenge kikining'inia. Kisha, kwa sababu hakuwa na pengine pa kutazama, alitazama chini.

Shali ilikuwa nyeupe. Nyasi zilikuwa za kijani. Mtoto alikuwa wa njano usoni, kifuani, tumboni, na Lorna alipomfungua jicho taratibu kwa kidole, ule weupe wake ulikuwa kama kiini cha yai. Hakulia. Mtoto aliyevuliwa nguo uwanjani kwenye baridi ya Ikonge, hakulia.

Esnah alikaa chini kwenye nyasi. Aliunyoosha mkono wake akauweka karibu na mguu wa mtoto, mkono wa kahawia, mguu wa njano, akavitazama.

"Nyangate wangu alikuwa na rangi hii," alisema.

Lorna hakumjua Nyangate yeyote. Manasseh hakuwahi kumtaja, pengine hata hakumjua. Esnah aliendelea kusema bila kumtazama, kwamba alikuwa mtoto wake wa kwanza, kwamba alilala hivi hivi, hanyonyi, halii, na wakasema kuna mwanamke aliyemtazama sokoni. Wakampaka samli, wakamkanda, wakamficha ndani. Mwanamke yule Esnah hakumsalimia tena mpaka alipokufa. Alisema hayo yote kwa sauti ya kawaida, kisha akajifuta uso kwa kitenge alichokuwa ameleta kumfunikia mjukuu.

Ni yeye aliyemwita Linet. Alimwita kwa jina, mbele ya mtoto aliye uchi, akamwambia amtafutie mtu wa pikipiki upesi.

Hospitalini muuguzi aliyewapokea alikuwa msichana mdogo mwenye sauti kubwa. Alimbonyeza mtoto kifuani kwa kidole, akatazama, akauliza mbele ya benchi zima la watu mtoto huyu amekuwa hivi kwa siku ngapi na wao walikuwa wanatazama nini. Lorna akafungua mdomo. Esnah akamtangulia.

"Mimi ndiye nilimficha," alisema. "Mama yake alisema."

Damu ikatolewa, matokeo yakaja, daktari akaeleza kwamba ni manjano ya watoto wachanga, imepanda sana, kwamba ikipanda zaidi huingia kwenye ubongo. Alisema wamekuja wakati bado kuna la kufanya. Lorna alipouliza kama atapona kabisa, daktari alisema mwanga wa taa ya matibabu utafanya kazi yake na wao watamfuatilia, masikio yake hasa, watayapima akikua kidogo. Lilikuwa jibu la kweli na halikumfariji.

Wakamlaza mtoto chini ya taa za bluu, uchi, amefungwa kitambaa machoni. Mtu yeyote aliyepita wodini alimwona: wafagiaji, wanafunzi, akina mama wengine na wageni wao. Siku ya kwanza Esnah alisimama mbele ya kile kitanda kidogo akijifanya kujinyoosha mgongo, akiwaziba. Siku ya pili alikaa.

Manasseh alikuwa amepigiwa simu na mama yake, hakupigiwa na Lorna, na kwa hiyo aliamini. Aliomba radhi kwa maneno mengi. Aliandika kwamba hali wala halali, kwamba meneja amemkatalia ruhusa, kwamba atumiwe picha angalau amwone. Lorna alimpiga mtoto picha kwa simu yake. Ilitoka bluu yote, mtoto bluu, shuka bluu, mkono wake mwenyewe uliokuwa ukimshika kisigino bluu. Akaituma hivyo hivyo.

Jibu halikukawia. Mbona amekuwa hivyo? Mpelekee Ogeto airekebishe.

Esnah aliuliza anasema nini. Lorna akamsomea. Esnah alitikisa kichwa polepole, na kwa mara ya kwanza tangu waingie mle wodini walitazamana wakacheka kidogo, kicheko kikavu kisicho na furaha. Kisha Lorna akaacha kucheka na akajikuta akilia, kwa sababu mwanamume huyo alimpenda mtoto wake, hilo lilikuwa wazi, na hata hivyo alikuwa mbali kiasi kwamba alichoweza kufanya ni kuomba picha iwe nzuri. Hakumjibu. Hakuwa na hasira naye. Hakujua tu aanzie wapi kumweleza.

Muuguzi alikuja akazima taa ili mtoto anyonyeshwe. Akamfungua kitambaa machoni, akamweka mikononi mwa Lorna juu ya ile shali, akaenda zake.

Lorna alimtazama akashtuka. Mtoto alikuwa wa njano kuliko alivyokuja. Uso, mikono, kila mahali. Akataka kumwita muuguzi. Halafu akaona kwamba ukuta nao ulikuwa wa njano, na koti la muuguzi aliyekuwa akiondoka, na shali. Alikuwa ameitazama ile taa ya bluu muda mrefu mno, na macho yake yalikuwa yamezoea.

"Nini?" Esnah aliuliza.

"Ngoja, mama. Simwoni bado."

Esnah aliinuka kwa magoti yake mabovu, akaenda dirishani, akasogeza pazia lote upande mmoja. Mwanga wa mchana ukaingia wodini. Lorna akayatoa macho yake kwa mtoto, akayaweka kwenye shali, kwenye kona moja aliyokuwa ameishona mwenyewe, akangoja. Alingoja bila kupepesa sana. Njano ikaanza kufifia kidogo kidogo kama mvuke kwenye kioo, mpaka shali ikawa nyeupe kabisa, ile ya sokoni, ile aliyoifua.

Ndipo akamtazama mwanawe. Alikuwa bado wa njano, lakini si kama alivyokuwa kwenye nyasi. Mtoto akakunja uso, akafungua mdomo, akalia kwa nguvu hata mama wa kitanda cha pili akageuka kutazama. Hakuna aliyemfunika. Lorna akafungua vifungo vya blauzi akampa ziwa, na mtoto akanyonya.